Kutengeneza Mazingira Kabla ya Kumlaumu Mtu

Saikolojia ya jamii ni elimu inayochunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, wawe mbele ya macho yake au wawe mawazoni mwake tu. Kanuni yake mama iliwekwa mwaka 1936 na Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyekimbilia Marekani baada ya Hitler kushika madaraka: tendo hutokana na mtu mwenyewe pamoja na mazingira aliyomo. Watu wengi huikubali kanuni hiyo kwa mdomo, kisha katika maisha ya kila siku wakaisahau nusu ya pili. Mwanachama akikosa mkutano wa kikundi, husemwa ni mvivu. Mama akichelewesha chanjo ya mtoto, husemwa hajali. Abiria wakinyamaza matatu ikienda kasi, husemwa ni waoga. Lawama za namna hiyo huenda zikawa na ukweli ndani yake, ila hazitengenezi kitu. Kutengeneza mazingira ndiko kunakozaa matunda, na mara nyingi hakuhitaji fedha nyingi. Mifano ya kulithibitisha hilo haiko mbali: mingi ipo Kenya kwenyewe, na kadhaa ipo katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni na Vanga.

Tendo na hali iliyolizaa

Mwaka 1977 Lee Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford alilipa jina kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kuiona tabia ya mwenzake na kutoiona hali iliyomsukuma. Ushahidi wa uzito wa hali hiyo ulikwishapatikana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa theolojia huko Princeton waende jengo la pili kutoa mazungumzo, na njiani wakamweka mtu aliyejikunja akikohoa na kugumia kama mgonjwa. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wakienda kuzungumzia hadithi ya Msamaria Mwema. Kati ya wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kusaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Dini yao ilikuwa moja, na kilichowatenganisha ni saa.

Funzo hili lina kazi kubwa katika vikundi vya pwani. Kamati ya ufuo, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, BMU, inaweza kuitisha mkutano saa nne asubuhi wakati wa bamvua, kisha ikalalamika kwamba akina mama hawapendi maendeleo. Lakini bamvua ndiyo wakati maji yanapokupwa mbali asubuhi, mwamba ukabaki wazi, na wachokoaji pweza wakaingia na vijiti vyao kwa saa chache tu kabla maji hayajaanza kujaa. Mama akiyaacha maji hayo, ameacha kitoweo cha jioni na ada ya mtoto. Mkutano uleule ukiitwa alasiri, wakati wa maji mafu, huyo aliyeitwa mvivu atapata nafasi ya kuja.

Basi kabla ya kumhukumu mtu, inafaa yaulizwe maswali matatu. Je, alijua hasa alichotakiwa kufanya? Je, alikuwa na muda, nauli na nafasi ya kukifanya? Je, ni wangapi wengine waliokosa kama yeye? Wakiwa wengi, tatizo haliko kwa mtu mmoja, na kumkaripia mmoja hakutaliondoa. Maswali hayohayo hufaa nyumbani, kwa kijana anayechelewa kurudi na kwa mume au mke aliyesahau ahadi. Anayeulizwa hali yake kwanza hupata njia ya kujirekebisha bila kuvunjiwa heshima.

Nguvu ya yale wanayofanya wengine

Mtu asiyejua la kufanya hutazama wenzake. Katika hoteli moja ya Marekani, Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walibadilisha kadi za bafuni zinazowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja. Kadi iliyotaja uhifadhi wa mazingira peke yake ilifuatwa na takriban asilimia 35 ya wageni. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hurudia taulo ilifuatwa na asilimia 44. Iliyosema kwamba wengi waliolala katika chumba hichohicho hufanya hivyo ilifikia asilimia 49. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na hoteli za Diani, ambako kila taulo hufuliwa kwa maji ya thamani, zinaweza kuyatumia kesho asubuhi, mradi yanayoandikwa kwenye kadi yawe ya kweli.

Nguvu hiyo hukata kuwili. Cialdini na wenzake walijaribu vibao katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wameiba kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa njiani. Kibao kilichoomba tu watu wasichukue kilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Sababu iko wazi: anayetangaza kwamba kila mtu anaharibu huwa amewaambia watu kwamba kuharibu ni jambo la kawaida.

Kosa hili hufanywa kwa nia njema kila mahali. Mabango husema vijana wote wamezama katika mihadarati, redio husema hakuna anayejali taka za ufuoni, na mwalimu huwaambia wazazi mkutanoni kwamba wengi wao hawafuatilii masomo ya watoto. Mfano wa kuigwa uko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, mmoja wa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na huelezwa mapema kwamba humo hakitolewi kitu, hata jani. Hasikii habari za wezi wa kuni. Anaingizwa katika desturi ambayo kila aliyemtangulia ameifuata, na nguo aliyoivaa humkumbusha hatua kwa hatua.

Kanuni ya kutumia ni nyepesi: wanaotenda mema watajwe hadharani, wakiwa wengi isemwe hivyo. Wakiwa wachache, isitangazwe kwamba ni wachache. Isemwe kwamba wanaongezeka, ikiwa kweli wanaongezeka, au ielezwe tu namna jambo linavyofanywa.

Mkutano wa kuamua na mkutano wa kuhutubiwa

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike mioyo, figo na nyama nyingine za ndani, ambazo wengi walizidharau. Lewin alilinganisha njia mbili. Kundi la kwanza lilipewa hotuba nzuri ya mtaalamu, na asilimia 3 tu wakazipika baadaye. Kundi la pili lilijadili lenyewe vikwazo vya jikoni, kisha mwishoni waliokuwa tayari kujaribu wakanyoosha mikono mbele ya wenzao. Huko waliopika walikuwa asilimia 32. Habari walizopewa zilikaribiana, ila kundi la pili liliondoka na uamuzi wake lenyewe.

Mikoko ya Gazi inaonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Kwa miaka mingi misitu ya mikoko ya Pwani ilikatwa kwa boriti, mapau na kuni, na amri peke yake hazikutosha kuuzuia ukataji. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiana na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, walianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Mapato hugawanywa kwa maamuzi ya jamii, na yamegharimia maji ya bomba na mahitaji ya shule za vijiji hivyo. Mivinje nayo ilipandwa ili atakaye mbao na kuni apate pengine pa kukata. Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na mwingine wa aina yake ukafuata Vanga, Jimbo na Kiwegu.

Mambo matatu yanakutana hapo: waliokuwa wakikata mikoko walishirikishwa katika kuamua, faida huonekana kwenye mfereji na darasani, na njia mbadala ilitayarishwa. Chifu, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kikundi anayetaka jambo lifuatwe afupishe hotuba, aulize ni nini kinachowazuia watu, asikilize hadi vikwazo viishe kutajwa, kisha aombe uamuzi wa wazi. Mkutano unaomalizika kwa makofi bila uamuzi umemalizika bure.

Wengi wapo, hakuna anayesema

Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 kwamba wingi wa mashahidi unaweza kumnyima mtu msaada. Washiriki waliomsikia mwenzao akipatwa na kifafa cha kuigizwa katika chumba cha pili, wakidhani ni wao peke yao wanaosikia, walikwenda kutafuta msaada kwa asilimia 85 kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia walikuwa asilimia 31. Kila mmoja hutaraji mwingine ataanza, na kila mmoja huuchukua ukimya wa wenzake kuwa dalili kwamba mambo ni shwari.

Abiria wa matatu wanaijua hali hiyo. Gari limetoka Likoni limejaa, dereva analipita lori mahali asipoona mbele, mikono inakaza viti na hakuna anayefungua kinywa. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliibandika dawa yake ndani ya matatu za Kenya: vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva mzembe, na bahati nasibu ndogo kwa madereva waliovihifadhi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima ya ajali katika magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililojulikana kwa neno Zusha na kuchapishwa mwaka 2015, lilipunguza madai kwa robo hadi theluthi moja. Kibandiko hakikumfundisha abiria kwamba mwendo kasi ni hatari, kwani alilijua. Kilimpa ruhusa ya kusema, na kumwonyesha kwamba wenzake nao wameisoma ruhusa hiyo.

Mahali pasipo na kibandiko, mtu mmoja hutosha kuanza. Ni vyema aseme kwa upole, mapema, na kwa niaba ya wote: "Mwanangu, tupunguzie mwendo, sote tuna watu wanaotungoja nyumbani." Kisha amgeukie abiria wa karibu na kumwuliza kama naye haoni hivyo, maana sauti ya pili huivunja ile hali ya kila mtu kumngoja mwenzake. Anayehitaji msaada kwenye ajali au ufuoni naye asiupigie ukelele umati mzima. Amwelekeze mtu mmoja kwa alama inayoonekana, "Kaka wa shati la bluu, piga simu", kwa kuwa aliyeitwa hivyo hawezi tena kudhani ameitwa mwingine.

Akiba, miadi na nia njema

Watu wengi wanakusudia kuweka akiba na kuhudhuria kliniki, na wengi hawafanyi. Pengo kati ya nia na tendo limechunguzwa kwa kina. Katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1965, Howard Leventhal na wenzake waliwaonya wanafunzi juu ya pepopunda. Kati ya walioonywa tu, asilimia 3 ndio waliokwenda kuchanjwa. Kati ya walioonywa, wakapewa ramani ya zahanati na kutakiwa wapange ni saa ngapi katika ratiba yao watapita hapo, walikwenda asilimia 28. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita Mwabungo au Msambweni atafanikiwa zaidi akimaliza mazungumzo kwa maswali ya vitendo: ni siku gani, kwa usafiri gani, na nani atabaki na watoto wengine? Jibu likiandikwa kwenye kadi ya kliniki, nia imepata mguu wa kutembelea.

Kuhusu fedha, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangishana magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Jambo hilo dogo liliongeza uwekezaji wao katika afya kwa asilimia 66. Vikundi vilivyoanzisha mfuko wa pamoja wa afya vilifanya vizuri zaidi. Kilichosaidia kilikuwa mpangilio: fedha iliyopewa kazi na mahali ni vigumu kuitoa kwa kila ombi linalobisha hodi. Katika jamii ambayo kumnyima ndugu ni aibu, mtu huweza kusema kwa heshima, "Shangazi, hizi ni za matibabu ya watoto, zimekwishapangwa", na aibu ikaondoka.

Hatua za kufuata ni hizi: akiba ipewe jina la kazi yake, iwekwe siku ileile fedha inapoingia, jioni ya mauzo ya samaki au siku ya mshahara wa hoteli, kabla msimu wa wageni haujapoa, na pawe na mtu au kikundi kinachojua lengo na kuliulizia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe sharti kiwepo kwanza.

Kazi ya wengi na mzigo wa wachache

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta pamoja. Wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu ni kutokwenda sawa, na sehemu ni kujificha nyuma ya wenzake, kama wachunguzi wa baadaye walivyothibitisha. Anayejiunga na wavuvi kuipandisha ngalawa ufuoni hugundua upesi umuhimu wa mtu anayeongoza: wito mmoja hufanya mikono yote ivute kwa pamoja, na asiyevuta huonekana.

Desturi ya mweria, kazi ya kusaidiana mashambani miongoni mwa Wamijikenda, inalijua hilo. Shamba ni la mtu anayejulikana, zamu zinajulikana, na asiyekwenda kwa wenzake hujua shambani kwake hawatafika. Kikundi cha leo kinapolegea, mara nyingi kimepoteza mojawapo ya sifa hizo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii zinazotunza vizuri mali ya pamoja, iwe maji, malisho au samaki, huwa na mipaka inayoeleweka, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, walinzi wanaowajibika kwao, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kila mtu afanye sehemu yake na kigawe kazi kwa majina, kiwe na timu za watu wanne au watano, kisome kazi za kila mmoja kwenye mkutano, na adhabu ya kwanza iwe nyepesi. Faini kubwa kwa kosa la kwanza huzaa maficho na chuki, na onyo la kwanza lenye staha humrudisha mtu kundini.

Makundi yanayotiliana shaka

Kwale ni makao ya Wadigo, Waduruma, Wavumba, Wakamba, Wamakonde, Wapemba, watu wa bara na wageni wa ng'ambo. Ujirani peke yake hauleti amani. Mnamo Agosti 1997 ghasia zilizoanza Likoni na kuenea kusini ziliwaua watu wengi na kuwahamisha maelfu, wengi wao watu wa bara waliokuwa wameishi na wenyeji miaka na miaka.

Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alitaja masharti manne yanayofanya ukaribu upunguze chuki: watu wakutane kwa hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na viongozi au sheria iunge mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 mwaka 2006 na kukuta kwamba ukaribu hupunguza chuki kwa jumla, na zaidi pale masharti hayo yanapotimizwa. Mahusiano ambayo kabila moja ni waajiri na jingine ni vibarua hayatimizi sharti la kwanza. Kamati ya maji ambayo kila upande una sauti na mfereji mmoja wa kuulinda hutimiza matatu kwa mpigo.

Sharti la nne lina historia yake Kwale. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo kadhaa bila uraia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Msimamo wao unaafikiana na alichoonyesha mwanasaikolojia Serge Moscovici tangu mwaka 1969, kwamba wachache huweza kubadili fikra za wengi wanaposhikilia neno moja bila kuyumba. Wapemba wa Pwani nao walitambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2023. Tangu hapo, anayemwita Mmakonde au Mpemba mgeni anapingana na sheria ya nchi.

Anayetaka kupatanisha makundi asianze na hotuba ya umoja. Atafute kazi ambayo hakuna upande unaoiweza peke yake, awape pande zote nafasi sawa katika kamati, na amwombe kiongozi anayeheshimiwa na pande zote aibariki hadharani.

Mipaka ya elimu hii

Tafiti nyingi zilizotajwa zilifanywa mbali, na nyingine kwa watu wachache. Matokeo yake ni mwongozo wa kujaribu, na kila mahali pana haki ya kupima upya. Njia salama ni kuanza padogo: hoteli moja, matatu chache, kikundi kimoja. Ihesabiwe hali kabla na baada, waulizwe wahusika wenyewe, kisha jambo lipanuliwe au liachwe.

Mazingira pia hayafuti wajibu. Anayeiba fedha za kikundi huku akijua anachofanya sharti ajibu, na hali yake ielezwe bila kuwa kisingizio. Wala elimu hii isitumiwe kuwahadaa watu. Kipimo cha uaminifu kiko wazi: mbinu inayoweza kuelezwa mbele ya wale inayowahusu, nao wakaikubali, ni ya haki. Inayofanya kazi kwa kufichwa tu, iwe ya mfanyabiashara, mwanasiasa au mzazi, iachwe, kwa sababu siku itakapofichuka itaharibu imani, na bila imani hakuna mpangilio wowote wa pamoja utakaodumu.